Funga daftari kwanza

Nilikuwa mtu wa kalamu za rangi. Daftari langu la saikolojia lilijaa mistari ya njano na kijani, na waridi kwa yale niliyoamini hayakosi kwenye mtihani. Sura moja niliidurusu mara tano, sita, mpaka nikajua aya ipi imekaa upande gani wa ukurasa. Siku ya mtihani swali likaja, na ukurasa nikauona kabisa kichwani: juu kushoto, njano. Maneno yenyewe sikuyaona. Na swali, cha kuchekesha, lilihusu kumbukumbu.

Nilikuwa nimechanganya kuzoea na kukumbuka. Ukisoma jambo mara ya tano macho yanateleza tu, nawe unadhani kuteleza huko ndiko kujua. Ni kama mtu unayepishana naye kila asubuhi: sura unaifahamu vizuri, ila ukiulizwa jina lake unabaki kukuna kichwa.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena. Wengine waliandika walichokumbuka bila kuchungulia. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima wakawaacha wenzao mbali. Dakika 5 zile ndizo zinazotuponza usiku wa kuamkia mtihani.

Kwa hiyo siku hizi nasoma kurasa mbili tatu, nafunga, nachukua karatasi tupu na kuandika. Dakika za kwanza utajiona mjinga, nakuambia mapema. Neno liko kwenye ncha ya ulimi na mkono unakimbilia daftari. Usifungue. Kule kuhangaika kulitafuta ndiko kunakoifanya njia ya kulifikia iwe nyepesi safari ijayo.

Ukishakwama kweli, fungua usahihishe, na hapa usifanye uvivu. Kumbukumbu si picha iliyohifadhiwa kabatini. Tunaijenga upya kila tunapoihitaji, na penye pengo tunaziba kwa tunachokizoea. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Frederic Bartlett, alilieleza hili mwaka 1932, baada ya kuwasimulisha Waingereza hadithi ya utamaduni mgeni kwao na kuona wanavyoinyoosha ifanane na mambo ya kwao. Mimi niliwahi kuandika, bila wasiwasi wowote, kwamba Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechunguza kumbukumbu, aliwapima wanafunzi wake. Kumbe alijipima mwenyewe, peke yake, kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Nisingefungua kitabu, ningeendelea kuusugua uongo ule mpaka ung'ae.

Huyo huyo Ebbinghaus ndiye aliyeonyesha kwamba kusahau huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Ndiyo maana kurudia mara nne kwa usiku mmoja hakunisaidii kama kurudia mara nne kwa siku tofauti. Mimi hurudi kesho yake, nikishalala vya kutosha (usingizi nao hushiriki kuimarisha ulichosoma), halafu baada ya siku tatu, halafu wiki. Tarehe ya kurudi naiandika pembeni mwa ukurasa kabla sijaufunga, maana hata hiyo huwa naisahau.