Maswali ya Wasomaji: Je, Barafuni Nguvu Hushinda Sanaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na shemeji yangu hubishana kila tunapotazama marudio ya mashindano ya wanaume ya kuteleza kwenye barafu kwa madaha. Yeye husema mchezo huu uliharibika mwaka 2010 kwenye Olimpiki ya Vancouver, pale Mmarekani Evan Lysacek alipompokonya Mrusi Evgeni Plushenko dhahabu bila kuruka hata mruko mmoja wa mizunguko minne, kwa sababu waamuzi waliitukuza sanaa na kuidharau nguvu. Mimi naona kinyume chake: siku hizi vijana wanaruka tu, na sanaa imewekwa kando. Nani kati yetu yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, shemeji yako anakumbuka matokeo vizuri, ila sababu anayoitaja haikubaliani na karatasi ya alama. Lysacek alimaliza na jumla ya alama 257.67, na Plushenko 256.36, yaani tofauti ya 1.31 tu. Katika programu fupi, ya kwanza kati ya sehemu mbili za shindano, Plushenko ndiye aliyeongoza, kwa 90.85 dhidi ya 90.30. Katika programu huru, ambayo ndiyo ndefu na yenye uzito zaidi, kila mmoja alipata 82.80 upande wa usanii, bila kupishana hata kwa nukta. Kilichowatenganisha ni alama za ufundi, yaani za mirukaruko na vitendo vingine vinavyopimwa kimoja kimoja, ambako Lysacek alipata 84.57 na Plushenko 82.71. Kwa maneno mengine, tukio ambalo watu wengi hulitaja kuwa ushindi wa sanaa dhidi ya nguvu liliamuliwa na alama za ufundi, na aliyezidiwa katika ufundi ni yule aliyeruka mizunguko minne.

Hilo liliwezekanaje? Kwa kanuni za wakati ule, mruko uliofanywa katika nusu ya pili ya programu huru, miguu ikiwa imechoka, uliongezewa asilimia 10 ya thamani yake. Lysacek alibakiza sehemu kubwa ya mirukaruko yake hadi nusu hiyo, ilhali Plushenko aliimaliza mingi mapema. Isitoshe, kila mruko hupimwa pia kwa ubora wake, na baadhi ya mirukaruko ya Plushenko ilipinda hewani, akatua kwa kujikokota huku mwili ukitafuta mhimili. Alitua, lakini kutua peke yake hakutoshi. Baadaye alilalamika hadharani kwamba bingwa asiyeweza mizunguko minne anacheza dansi tu, na kauli hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu kuliko hesabu yenyewe.

Sasa nikugeukie wewe. Hoja yako ina nguvu zaidi, ingawa kosa si la vijana. Kashfa ya waamuzi kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, iliyohusu shindano la jozi, ilisababisha mfumo wa zamani wa alama sita kuachwa, na ukaja huu wa kujumlisha alama za kila kitendo. Katika mfumo huu usanii una dari. Tangu msimu wa 2022/23 waamuzi hupima mambo matatu: utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza, kila kimoja kwa alama zisizozidi 10, kisha alama hizo huzidishwa, na katika programu huru ya wanaume haziwezi kupita takribani 100. Ufundi hauna dari ya namna hiyo. Kila anayebuni mruko mgumu zaidi anaongeza alama ambazo msanii hana mahali pa kuzifidia.

Tuchukue mruko mmoja tu, ule uitwao lutsi. Wa mizunguko mitatu una thamani ya msingi, yaani alama zake kabla ya ubora kupimwa, ya 5.9, na wa mizunguko minne 11.5, tofauti ikiwa 5.6. Mtelezaji aliyepata 9.00 katika vipengele vyote vitatu vya usanii, akitaka kufidia pengo hilo moja, itambidi apande hadi kama 9.56 katika kila kipengele. Hapo amelipa deni la mruko mmoja, na mpinzani wake huenda anayo minne mingine. Ndiyo maana Jason Brown wa Marekani, ambaye kwa maoni yangu ni miongoni mwa watelezaji wanaopendeza mno kutazama, alimaliza wa sita kwenye Olimpiki ya Beijing ya 2022 bila mruko wa mizunguko minne, akiwa na alama 281.24, na Nathan Chen akatwaa dhahabu kwa 332.60. Nafasi ya sita si haba, lakini hilo pengo la zaidi ya alama 50 haliwezi kuzibwa kwa mikono mizuri.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, na hapa nadhani malalamiko yako yalistahili kabisa. Kabla ya marekebisho ya 2018, lutsi ya mizunguko minne ilikuwa na thamani ya 13.6, aliyeikamilisha hewani kisha akaanguka alikatwa 4 kwa ubora na 1 kwa kuanguka, akabaki na 8.6. Lutsi ya mizunguko mitatu, hata ikifanywa bila dosari yoyote, ilifika 8.1. Shairi lenye vina na mizani iliyotimia linaweza kuwa butu, hilo twalijua, lakini hapa mshairi alikuwa anatuzwa kwa ubeti uliovunjika. Leo anayeanguka katika lutsi hiyo hiyo hubaki na 4.75 hivi, pungufu ya mruko wa mizunguko mitatu uliotua salama, na hilo ni afadhali.

SWALI: Ndugu Mhariri, si wangetoa medali mbili tu, moja ya mirukaruko na moja ya usanii, ugomvi uishe? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Wazo hilo limewahi kusemwa na wapenzi wa mchezo huu, lakini siliungi mkono, kwa sababu linachukulia kwamba mruko na sanaa ni vitu viwili. Mtazame Yuzuru Hanyu wa Japani, bingwa wa Olimpiki wa 2014 na 2018, anavyoingia katika mruko uitwao akseli, wa mizunguko mitatu na nusu. Wengi huteleza mstari mrefu ulionyooka wakijipanga, na mtazamaji anajua mruko unakuja. Yeye alizoea kuuruka papo hapo kutoka katika hatua ngumu za kugeuka, na akishatua aliendelea na muziki bila kutafuta pumzi. Ukiuondoa mruko ule programu inapungua sanaa, na ukiziondoa hatua zile mruko unabaki sarakasi. Dawa iliyo bora zaidi ni kupandisha uzito wa usanii pale ufundi unapopanda, badala ya kuuacha kwenye dari ile ile wakati Ilia Malinin wa Marekani anapata 227.79 katika programu huru moja, kama alivyofanya kwenye mashindano ya dunia ya Montreal mwaka 2024 kwa mirukaruko sita ya mizunguko minne, akseli ikiwemo.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimemwona mtelezaji akipiga pindu la kinyumenyume kwenye barafu na watu wakasimama kwa shangwe. Je, ule ndio mruko wenye alama nyingi kuliko yote? (Mwanafunzi, Nairobi)

JIBU: Hapana. Pindu hilo lenyewe halina thamani ya msingi hata kidogo. Mmarekani Terry Kubicka alilifanya kwenye Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1976, na muda mfupi baadaye likapigwa marufuku kwa kuhofia hatari yake. Katika michezo hiyo hiyo dhahabu ilikwenda kwa Mwingereza John Curry, ambaye utotoni baba yake alimkatalia kujifunza dansi, akaruhusiwa kuteleza kwa kuwa ule ulihesabiwa kuwa mchezo. Akaja kuteleza kama mcheza baleti, lakini pia akaruka mirukaruko ya mizunguko mitatu iliyohitajika wakati ule. Adam Siao Him Fa wa Ufaransa alilipiga pindu hilo huko Montreal mwaka 2024 kabla halijaruhusiwa, akakatwa alama 2, na bado akapanda kutoka nafasi ya 19 baada ya programu fupi hadi medali ya shaba. Marufuku iliondolewa kuanzia msimu wa 2024/25. Kwa hiyo anayelipiga leo hakatwi kitu, na faida yake haitoki katika jedwali la mirukaruko, bali katika namna waamuzi watakavyoiona programu yake kwa ujumla, yaani upande ule ule wa usanii.