Misuli Inayouma na Misuli Iliyoishiwa Nguvu

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 46, tunakaa Mbagala. Mwezi wa tatu sasa hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, na akichana nywele mikono inashuka yenyewe. Kope zimegeuka zambarau, na ngozi juu ya vifundo vya vidole imevimba na kukauka. Duka la dawa wamemchoma diklofenaki mara nne. Zahanati wamepima damu, wanasema ini lina shida. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Hicho kigoda kimetuambia mengi. Mwenye maumivu ya kawaida akijikaza huinuka. Anayeshindwa kabisa, hata kama haumwi sana, misuli yenyewe imeishiwa nguvu. Mapaja, nyonga na mabega ya pande zote mbili yakidhoofika kwa wiki au miezi, tunashuku kinga ya mwili inaishambulia misuli. Ukijumlisha na hizo kope na vifundo, tunafikiria dematomayositisi, yaani ugonjwa wa kinga kushambulia misuli na ngozi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, huonekana zambarau au weusi uliozidi, kwa hiyo mtazameni juani, si kwa taa ya chumbani.

Kuhusu ini, msikubali haraka. AST na ALT, vimeng'enya vinavyopimwa kuangalia ini, hutoka kwenye misuli pia, na wagonjwa wengi hutibiwa ini lisiloumwa. Ombeni kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli kinachovuja kwenye damu misuli ikiumia. Kikomo cha maabara nyingi ni karibu 200. Misuli ikishambuliwa hufika hata maelfu, ingawa CK ya kawaida haiufuti ugonjwa huu. Sindano ya msulini nayo hupandisha CK, kwa hiyo asichomwe sindano nyingine kabla ya damu kutolewa. Apimwe pia tezi ya shingo, potasiamu na VVU, na mbebe dawa zake zote, hasa za kolesteroli, maana baadhi huweza kudhuru misuli.

Anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke, mwombe rufaa ya Muhimbili. Huko hupimwa umeme wa misuli, hupigwa MRI, na pengine kukatwa kipande kidogo cha msuli. Kifua kichunguzwe, na saratani itafutwe kwa makini, maana kwa watu wazima ugonjwa huu mara nyingine huambatana nayo.

Tiba huanza na prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga, mara nyingi hadi miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 hufikia vidonge 12 vya miligramu 5, asubuhi baada ya kula. Kabla ya hapo apimwe kifua kikuu, homa ya ini B, sukari na presha, na atibiwe minyoo ya strongiloidi, kwani dawa hii huiachia minyoo hiyo isambae mwilini. Asiikatishe ghafla hata akijisikia vizuri. Huongezewa azathioprini au methotreksati, nazo ni za kutuliza kinga. Methotreksati humezwa mara moja kwa WIKI, pamoja na foliki asidi kama daktari atakavyopanga. Kuimeza kila siku kwa makosa kumeua watu, kwa hiyo andikeni jina la siku juu ya pakiti.

CK hushuka kwanza, nguvu hurudi polepole kwa wiki hata miezi. Akipaliwa na chakula au kukosa pumzi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Baba, miaka 68, Kigamboni. Asubuhi mabega na nyonga hukakamaa zaidi ya saa moja, kisha hulegea. CK ni ya kawaida, ila ESR, kipimo cha damu cha uvimbe mwilini, iko juu, 85.

JIBU: Huenda ni polimayaljia ruumatika, ugonjwa wa uvimbe unaokakamaza mabega na nyonga za wazee. Prednisoloni ya miligramu 12.5 hadi 25 kwa siku huleta nafuu kubwa ndani ya siku chache, kisha hupunguzwa taratibu kwa mwaka au zaidi. Hapa kwetu hauonekani mara nyingi, kwa hiyo kwanza apimwe kuhakikisha si saratani ya uboho wala kifua kikuu. Akiumwa kichwa penye panja, taya zikichoka akitafuna, au jicho likififia, ni dharura: anaweza kupofuka.

SWALI: Mdogo wangu ana homa, na paja moja limevimba, gumu kama ubao. Tunamkanda kwa maji ya moto.

JIBU: Acheni kukanda. Huenda huo ni usaha unaojikusanya ndani ya msuli, kwa kawaida wa bakteria stafilokokasi. Leo hii apigwe ultrasaundi, usaha ukionekana utolewe, aanze antibiotiki ya mshipani, na apimwe sukari na VVU.