Kaacha unga (heroini) miezi, kafukuzwa nyumba, karudi maskani: jibu kwa dada mleta uzi

Dada, nimesoma uzi wako. Kaka yako katoka soba, nyumba ya kuachia unga, kakaa mzima miezi, anamsaidia mama kuuza mahamri. Siku mwenye nyumba alipowatolea vyombo nje, jioni yake kaonekana maskani, pale wanapokutana watumiaji. Mjomba anasema alikuwa akiwahadaa tangu mwanzo, na dawa yake ni kufungiwa chumbani. Mimi nimetumia unga miaka hapahapa Mombasa, sasa nanywa methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, kliniki ya Kisauni. Hakuwahadaa.

Watu hudhani teja hurudi kutafuta raha. Raha yenyewe huwa ilikwisha zamani. Wengi niliowaona wakirudi walirudi baada ya ugomvi, msiba, kesi au kodi.

Sababu iko ubongoni. Kuna seli huko zinazotoa dopamini, ambayo mitandaoni huitwa kemikali ya raha, lakini kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo: hili muhimu, lifuate. Seli hizo zina nyingine zinazozizuia zisizidishe. Heroini ikifika kichwani hugeuka mofini, mofini huwanyamazisha hao wazuiaji, dopamini ikafurika. Ukirudia kila siku ubongo hujirekebisha, vipokezi vya dopamini hupungua, na mambo ya kawaida hukosa ladha. Nakumbuka Idi moja nimekaa mbele ya sinia la biriani, watoto wanacheka, nami sioni tofauti na kutazama ukuta. Arosto ya mwili, yaani mafua, miayo, kuhara na mifupa kuuma, makali yake hupungua kwa wiki moja hivi. Hili la kukosa ladha huenda miezi na kwa nje halionekani, ndiyo maana nyumbani husema "huyu kapona".

Sasa mtu wa hali hiyo apate taharuki. Mwili ukishtuka, ubongo hutoa noradrenalini na kemikali nyingine iitwayo CRF, na msukosuko huo hufika mpaka kwenye zile seli za dopamini. Mwaka 1995 watafiti Yavin Shaham na Jane Stewart walichapisha jaribio la panya waliozoeshwa kubonyeza kidude wapate heroini. Walinyimwa mpaka wakaacha kubonyeza, kisha wakapigwa shoti ndogo ya umeme miguuni. Wakarudi kwenye kidude, na heroini haimo. Panya hana marafiki wabaya, wala hajaacha swala.

Kwangu iliwahi kuja hivi. Simu ilipotea nyumbani, na kabla mtu hajasema neno macho yote yakanigeukia. Mate yakajaa mdomoni, tumbo likasokota, miayo mfululizo, na mwilini sina unga tangu miezi. Nikajikuta nimeshavaa viatu na sijaamua naenda wapi. Mlangoni jirani akanishika mkono nimsaidie kupandisha mitungi ya maji ghorofani. Tulipomaliza nilikuwa natokwa jasho la kazi tu, ile hamu imepungua. Hupanda na hushuka, dada, na ikishapanda anahitaji mtu karibu na shughuli ya mikono. Mawaidha yasubiri kesho.

Kumfungia ni kumwongezea dhiki ileile, na kuna hatari mbaya zaidi. Baada ya miezi bila unga mwili umesahau kuuhimili. Kipimo alichokuwa akitumia zamani bila shida leo kinaweza kumzima pumzi. Akitumia peke yake nyuma ya kufuli, nani atajua? Mkimkuta anakoroma vibaya, anapumua kwa mbali, midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu na mkimbie hospitali. Ipo dawa ya kuzindua, naloksoni. Waulizeni watu wanaowahudumia watumiaji mtaani. Mjomba akitaka kusaidia kweli, pesa ya kufuli aiweke kwenye dipoziti ya nyumba. Sifanyi mzaha.

Kuhusu methadoni: Kenya ilianza 2014 pale hospitali ya Mathari, Nairobi, ikaja Malindi, kisha kwetu. Hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo hakuna kupanda na kuanguka mara kwa mara kama kwa unga. Unainywa mbele ya muuguzi, kisha anakusemesha ahakikishe umemeza. Watasema umebadilisha ulevi kwa ulevi mwingine. Waache, mimi nalala usiku na ninafanya kazi. Madaktari wengine hutumia pia klonidini, dawa ya presha, kwa sababu hutuliza noradrenalini. Hiyo msinunue dukani wenyewe, inaweza kushusha presha ghafla.

Jambo la mwenye nyumba lishughulikieni ninyi, asitumwe yeye kwenda kubishana naye wiki hizi. Na kliniki mwende naye asubuhi, mmoja wenu akae naye kwenye foleni mpaka aitwe. Siku ya kwanza kuna maswali mengi na kusubiri kwingi, na hapo ndipo wengi huinuka wakaondoka.