Maswali ya mafundi: cheni ya kukatia bomba, tailizi na kioo

Fundi, hii cheni inakataje bomba wakati haina meno?

Haikati mkuu, inapasua. Ina vigurudumu vyenye makali, unaizungushia bomba la kasti (chuma cha kumimina), unabana kwa racheti (mpini unaokaza upande mmoja tu), vigurudumu vinazama kidogo pande zote kwa pamoja, na kasti haijui kupinda, kwa hiyo ikizidiwa inapasuka kufuata ile alama. Unasikia tak! basi. Cheche hakuna, ndo maana kwenye choo chembamba mi naitanguliza kabla ya grenda.

Nimejaribu kwenye bomba la stili imegoma.

Lazima igome. Stili inabonyea, plastiki nayo hivyo hivyo, hata yale ya daktaili (chuma cha kumimina kisichopasuka kirahisi). Cheni ni ya kasti, bomba la udongo na la zege.

Bomba la zamani la maji taka limesagika badala ya kukatika, nimekosea wapi?

Hapo pole, maana bomba la miaka mingi linaliwa na kutu kwa ndani, unakuta upande mmoja umebaki kama ganda la yai na we unabana tu. Kabla ya kufunga cheni ligonge na kanyundo, lililo zima linalia kama kengele, lililooza linatoa sauti butu, likiwa butu sogea mbele kidogo au chukua grenda. Likiwa zima bana mpaka vigurudumu vitie alama, legeza, zungusha cheni kidogo, bana tena taratibu. Usikate kipande kifupi sana mwishoni, kitameguka. Na bomba la wima lifunge ukutani juu ya unapokata!! Mi nilisahau siku moja, la juu likashuka kama sentimita 5, joint ya ghorofani ikaachia na mama wa watu huko juu ndo kwanza anavuta maji. Nilifua hadi kofia.

Na mabomba ya asbesto?

Grenda usiguse kabisa, lile vumbi linaua mapafu. Cheni vumbi lake ni kidogo ila bado lipo, waachie wenye vifaa vyake.

Tailizi zangu zinakatika upogo.

Unachora mara ngapi na kile kigurudumu cha kukatia? Chora mara 1 tu, mkono usitetereke, kisha bonyeza. Ukirudia unaipa njia mbili nayo inachagua ya kwake. Kioo ni vile vile, almasi (kile kikatio cha kioo) ichovye kwenye mafuta ya taa kidogo, ila cha tempa (kioo kilichoimarishwa kwa moto) achana nacho, kinakatwa kiwandani kabla hakijachomwa, ukijaribu kukikata kinamwagika chote kama chumvi ya mawe.