Ctrl-C na printf ndani ya kipokea signali

Umeuliza kwa nini programu yako ya C inarudia maandishi ukibonyeza Ctrl-C. Yanajirudia kwa sababu umeita printf ndani ya kipokea SIGINT, yaani kazi (function) inayoitwa signali ya Ctrl-C inapofika. Signali haipigi hodi: inaweza kuikuta main katikati ya printf nyingine, bafa ya stdout (hifadhi ya muda ya maandishi yanayosubiri kuchapishwa) haijakaa sawa. malloc (ya kuomba kumbukumbu) ndani ya kipokea ni balaa zaidi, programu inaweza hata kuganda. Andika tu `simama = 1;`, ukiwa umetangaza juu `static volatile sig_atomic_t simama;` (aina ya namba iliyo salama kuandikwa ndani ya kipokea), na kitanzi chako kiikague. Ukitaka ujumbe papo hapo, write, inayoandika moja kwa moja bila bafa ya stdout, inaruhusiwa.

Halafu achana na signal() kusajili kipokea chako. Kwenye Linux kwa kawaida inafanya read (inayosoma kibodi) ianze upya baada ya signali, hivyo utabonyeza Ctrl-C na programu itakaa tu ikisubiri kibodi. Tumia sigaction bila SA_RESTART, bendera inayoruhusu kuanza upya huko. Read itarudisha -1 na errno (namba ya kosa) ya EINTR, yaani imekatizwa na signali.