Imethibitishwa kisayansi, na nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesoma makala inayotaja "sayansi ya parasaikolojia", na mbele kidogo mwandishi akasema "imethibitishwa kisayansi kuwa binadamu anaweza kusoma mawazo ya mwenzake". Rafiki yangu anashikilia kuwa hiyo si sayansi, tuiite "elimu ya parasaikolojia". Lipi ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako nitamfikia, ila sentensi hiyo ya pili imenichokoza na lazima nianze nayo.

Jina lenyewe halina makuu. Para ni Kigiriki, "kando ya", na Mjerumani Max Dessoir ndiye aliyeliunda mwaka 1889 kwa mambo yanayodaiwa kuwa kando ya saikolojia ya kawaida: kusoma mawazo, kuona yajayo, kusogeza vitu bila kuvigusa. Wapo wanaodhani mkia wa -lojia ni cheti cha usayansi. Astrolojia inao mkia huo, na kazi yake ni kupiga ramli. Astronomia, fizikia na kemia hazina, na hakuna anayezidai vyeti.

Sasa "imethibitishwa kisayansi". Maneno mawili haya hubandikwa kwenye kila dai linaloogopa kuulizwa maswali. Kauli ya kutendwa ni halali, siipingi, lakini hapa imegeuzwa kichaka: mtenda kajificha humo na hatoki. Mtoe, uone sentensi inavyonywea. "Imethibitishwa na J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke." Haya. Rhine alitumia karata 25 zenye alama tano, kila alama mara tano, na mtu akatakiwa kutaja alama ya kila karata bila kuiona, hivyo anayebahatisha hupata wastani wa 5. Baadhi ya watu wake walipata zaidi, naye akachapisha kitabu mwaka 1934. Wengine walipolirudia jaribio, wakaishia kwenye ile 5 ya bahati. Tena ikaonekana kuwa baadhi ya karata za aina hiyo zilichapwa vibaya hata alama ikasomeka kwa mgongoni! Au mtaje mwanasaikolojia Daryl Bem, ambaye mwaka 2011 alitoa majaribio tisa, washiriki zaidi ya elfu moja, katika jarida la saikolojia linaloheshimika, akidai watu huhisi jambo kabla halijatokea. Mwaka uliofuata watafiti watatu walichapisha marudio ya mojawapo ya majaribio hayo. Hawakupata kitu.

Basi kitenzi "thibitisha" kinafanya nini hapo? Mzizi wake ni ule ule wa "thabiti", kitu kilichosimama kisichotikisika. Matokeo yanayosimama mikononi mwa mwenyewe na kuanguka mikononi mwa mwingine yamedaiwa, yameripotiwa, yamependekezwa. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kwa kila daraja la uhakika, ila waandishi wetu wamekifunga kimoja tu nira na kukilimisha shamba zima.

Halafu hiyo ki- ya "kisayansi". Anayeketi kifalme si mfalme, na anayelia kitoto huenda ana wajukuu. Ki- hueleza namna jambo linavyofanywa, basi. Kwa hiyo nakiri, kwa shingo upande, kwamba parasaikolojia inaweza kufanywa kisayansi. Watafiti wake makini hupanga majaribio, hudhibiti udanganyifu, hupiga hesabu za takwimu. Wengine wamekuwa waangalifu kuliko wanasaikolojia wanaowacheka. Andika "utafiti wa kisayansi kuhusu kusoma mawazo", sitakugusa. Lakini kutoka "kuchunguzwa kisayansi" hadi "kuthibitishwa kisayansi" pana bonde, na makala uliyosoma imeliruka macho yamefumbwa.

"Sayansi ya parasaikolojia", je? Watetezi wake hukumbusha kuwa chama chao kilipokewa mwaka 1969 katika Chama cha Marekani cha Kuendeleza Sayansi. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba mwaka 1979 mwanafizikia John Wheeler alitaka kifukuzwe, na hakikufukuzwa. Mimi uanachama haunisaidii kuamua. Ninachotazama ni kwamba chama cha kwanza cha kuchunguza mambo haya kiliundwa London mwaka 1882, na mpaka leo hakuna tukio hata moja ambalo mtafiti asiyeliamini anaweza kulizalisha kwake akiagizwa. Pana mbinu na pana swali. Maarifa yaliyokubalika hayajapatikana. Kwa hiyo "sayansi ya" naifuta, naandika "utafiti wa parasaikolojia".

Rafiki yako amekwepa kwa adabu. "Elimu" ni neno pana, na "elimu ya nyota" iliwabeba pamoja mpima kalenda na mtabiri. Sitamkosoa, ila asidhani amejibu swali.

Na ile sentensi ya makala? Iandike hivi: "Baadhi ya watafiti wanadai kupata dalili za binadamu kusoma mawazo ya mwenzake, lakini wenzao waliporudia majaribio kwa kawaida hawakuzipata." Ni ndefu kuliko ya kwanza, na mhariri atalalamika nafasi. Mwache alalamike.