Tetemeko la Ardhi Kabla ya Fainali: Je, Ni Ndege Njema kwa Timu Fulani?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni kijana wa Ruangwa, mkoani Lindi. Katika kijiwe chetu cha kahawa mwenzetu mmoja alisimulia habari ya Australia, kwamba tarehe 22 Septemba 2021 ardhi ilitetemeka katika jimbo la Victoria, siku tatu kabla ya fainali kuu ya mpira wa nchi ile, na baadhi ya mashabiki wakaifanya kuwa ishara ya mechi hiyo. Timu ya Melbourne ikachukua ubingwa ambao haikuupata tangu mwaka 1964. Mwingine akakumbusha tetemeko la usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 katika pwani yetu, siku 18 kabla ya Namungo kucheza na Simba mechi ya Ngao ya Jamii, akasema hata yeye siku ile aliliona ni ndege njema kwa timu yetu. Nilipowaambia kuwa huo ni ushirikina, walinijibu kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipenda fali njema, yaani dalili ya kheri. Kuna pia mwenzetu ambaye, kwa kufuata radi iliyopiga jioni ya kuamkia fainali ya kombe la kata yetu, aliwekeana dau na wenzake pale kijiweni akawashinda, na sasa anataka pesa hizo azitoe kwa ajili ya mabati ya msikiti. Tunaomba ufafanuzi.

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu yangu, jambo mnalobishania si geni kama mnavyodhani, kwa kuwa Waislamu wa mwanzo waliwahi kukutana nalo katika sura nzito kuliko ya kombe lolote. Mwaka wa 10 wa Hijra alifariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, akiwa bado hajatimiza miaka miwili, na siku ile ile jua likapatwa mjini Madina. Wanafalaki wa zama zetu, kwa hesabu zao, wanaliweka tukio hilo katika tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema kwa dhati kabisa kwamba jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Mtume akawasalisha sala ndefu ya kupatwa kwa jua, kisha akasema, kwa maana yake, kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu yeyote wala kwa kuishi kwake, basi mkiona hayo muombeni Mwenyezi Mungu na msali. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Ninakuomba ukae na tukio hili kwa muda kabla hatujaendelea, kwa sababu ndani yake mna jibu la karibu kila hoja ya wenzako. Kukutana kwa mambo mawili kulikuwa kweli: mtoto alikufa, na jua lilipatwa, siku moja, mji mmoja. Waliosema maneno yale hawakuwa wachawi wala wapiga ramli, bali walikuwa waumini waliojaa mapenzi. Na tafsiri waliyoitoa ilikuwa inamtukuza Mtume mwenyewe, kiasi kwamba mtu mwenye tamaa ya utukufu angeinyamazia tu, nayo ingeenea yenyewe. Tena alikuwa katika msiba, macho yake yametoka machozi, na mtu mwenye msiba hapendi kukataa faraja. Pamoja na hayo yote alisimama mbele ya watu akaikata tafsiri ile. Ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume, basi ni vipi ardhi ya Mwenyezi Mungu itetemeke kwa ajili ya timu ya mpira, iwe ya Melbourne, ya Kariakoo au ya Ruangwa?

Angalia vilevile kwamba Mtume hakusema kuwa kupatwa kwa jua si ishara. Alisema ni ishara, lakini akaihamisha kutoka mahali walipoiweka watu. Mashabiki wako hawakosei wanaposema kuwa tetemeko ni ishara. Wanakosea wanapoligeuza liwe mpashaji habari wa matokeo. Mwenyezi Mungu anasema katika Surat al-Israa, aya ya 59, kwamba hazipeleki ishara ila kwa ajili ya kuhofisha. Ishara hiyo anaambiwa kila aliyeisikia, mshindi na mshindwa pamoja, naye anaambiwa amkumbuke Mola wake. Ama nani atafunga bao na nani atalia, hayo ni katika ghaibu, na Surat an-Naml, aya ya 65, inatamka wazi kwamba hakuna aliye mbinguni wala ardhini ajuaye ghaibu isipokuwa Mwenyezi Mungu.

Sasa tuitazame hoja kwamba ishara ya Australia ilisema kweli. Tetemeko lile lilikuwa la kipimo cha 5.9, na chanzo chake kilikuwa karibu na mji mdogo wa Mansfield, mbali na jiji la Melbourne kwa zaidi ya kilomita 100, ingawa mtikisiko ulifika jijini. Fainali ilichezwa tarehe 25 Septemba kati ya Melbourne na Western Bulldogs, na Melbourne wakashinda kwa pointi 140 dhidi ya 66. (Usishangae hesabu hiyo, mpira wa kwao una umbo la yai, unashikwa kwa mikono, na pointi zake ni nyingi.) Lakini mwenzenu hakuwaambia jambo moja, nalo ni kwamba timu zote mbili zinatoka katika jiji lile lile moja. Mtikisiko uliowafikia mashabiki wa hawa uliwafikia na mashabiki wa hawa, pengine katika mtaa mmoja. Zaidi ya hapo, kwa sababu ya masharti ya korona fainali haikuchezwa Melbourne bali Perth, upande wa pili wa bara, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,500, na wachezaji wenyewe walikuwa huko huko Perth. Basi ishara hiyo ilikuwa ya nani? Lau wangeshinda Bulldogs, tungesimuliwa kwamba ardhi ilitetemeka kwa ajili yao. Panapokuwa na timu mbili, kila ishara itakayodaiwa lazima "itimie" kwa upande mmoja, na waliodai upande wa pili watanyamaza, nasi tutabaki na masimulizi ya wale waliopatia tu.

Mfano wa nyumbani ni huo huo wa Namungo. Tetemeko la tarehe 12 Agosti 2020 lilitokea baada ya saa mbili usiku, chanzo chake kikiwa baharini kusini mashariki ya Dar es Salaam, nalo pia kipimo chake kilikuwa 5.9. Mwenzenu aliliona kuwa ndege njema. Tarehe 30 Agosti, jijini Arusha, Simba walishinda 2-0. Sisemi haya kwa kuwacheka watu wa Ruangwa, kwani hata mimi si mgeni katika majukwaa ya uwanja wa Nangwanda Sijaona kule Mtwara, na ninajua uchungu wa kurudi nyumbani kwa miguu baada ya kufungwa. Ninauliza tu kwa nini ishara hiyo iliyokosea haikuhesabiwa kijiweni, ila ikahesabiwa ya Australia.

Ama sababu za dhahiri za matetemeko, wataalamu wa miamba wameeleza kwamba Afrika Mashariki imo katika kuachana taratibu kwa mabamba mawili makubwa ya ardhi, milimita chache kila mwaka, na kwamba nyufa hizo hazikomei Bonde la Ufa la bara bali ziko pia chini ya bahari mbele ya pwani yetu. Kuijua sababu hii hakupingani na imani, kama vile kuhesabu tarehe ya kupatwa kwa jua hakukuifuta sala yake.

Nije kwenye neno lenyewe. Waarabu waliita jambo hili tiyara, kutokana na neno linalomaanisha ndege, kwa kuwa mtu alipotaka safari alimshtua ndege, akiruka kulia anasafiri, akiruka kushoto anarudi. Kiswahili chetu kimeihifadhi picha hiyo hiyo tunaposema ndege njema na ndege mbaya, na bado wako kwetu wanaomwogopa bundi juu ya paa na wanaoogopa kufunga ndoa katika mfunguo tano, yaani mwezi wa Safar. Mtume amekanusha vyote katika hadithi moja waliyoipokea Bukhari na Muslim: hakuna tiyara, wala bundi, wala Safar. Na katika hadithi ya Ibn Mas'ud, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, imekuja kwamba tiyara ni shirki. Kisha yakafuata maneno yanayohesabiwa kuwa ya Ibn Mas'ud mwenyewe, kwamba hakuna miongoni mwetu asiyejiwa na fikra hiyo, lakini Mwenyezi Mungu huiondoa kwa kumtegemea Yeye.

Kwa hiyo usiwe mwepesi wa kuwaita wenzako washirikina. Fikra inayopita kifuani mtu anaposikia kishindo haina dhambi. Muawiya bin al-Hakam alimwambia Mtume kwamba wako kwetu wanaoamini mikosi, akajibiwa kuwa hicho ni kitu wanachokikuta vifuani mwao, basi kisiwazuie, ameipokea Muslim. Mkulima wa korosho aliyesikia bundi usiku, akaingiwa na wasiwasi, kisha alfajiri akachukua bomba lake akaenda kupulizia salfa kama alivyopanga, huyo hana lawama. Lawama inaanza pale mtu anapoisadiki ishara na kuijengea uamuzi, akaacha jambo au akalifanya kwa sababu yake. Akiitakidi kwamba tetemeko linaonyesha mshindi, hiyo ni haramu na ni katika shirki ndogo, na akiitakidi kwamba kitu hicho chenyewe ndicho kinacholeta ushindi badala ya Mwenyezi Mungu, ameingia katika shirki kubwa, Mwenyezi Mungu atuepushe. Na mlango huu ndio unaowafikisha watu kwenye zile "kamati za ufundi", yaani za kuitafutia timu uchawi, ambazo kila shabiki anazijua na hakuna kiongozi anayezikiri.

Wenzako wamesema kweli kwamba Mtume alipenda fali, lakini wamelichukua neno wakaiacha maana yake. Alipoulizwa fali ni nini, alijibu kuwa ni neno jema analolisikia mmoja wenu. Siku ya mapatano ya Hudaibiya alipokuja Suhail bin Amr, mjumbe wa Makureshi, kwa mazungumzo, na jina lake lina maana ya wepesi, Mtume alisema kwamba mambo yenu yamewawia mepesi. Hapo hakubadilisha mpango wowote kwa sababu ya jina lile. Shauri lilikuwa limeshakatwa, na neno jema likauchangamsha moyo na kumdhania Mwenyezi Mungu kheri. Shabiki akikutana njiani na mtu aitwaye Baraka, akatabasamu na kuiombea timu yake, hilo ni la aina ya fali. Lakini tetemeko si neno jema. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka Kagera, watu wakafa na nyumba nyingi zikabomoka, na Mtume amemhesabu anayekufa kwa kuangukiwa na jengo kuwa miongoni mwa mashahidi. Kitu kinachoacha mashahidi na mayatima hakifai kufanywa utani wa jezi.

Ukiuliza Muislamu afanye nini ardhi inapotetemeka, kwanza aiokoe nafsi yake na watu wa nyumba yake, kisha aombe dua na kuleta istighfari, na awajulie hali majirani. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii hakuna sala ya jamaa kwa ajili ya tetemeko kama ilivyo kwa kupatwa kwa jua, bali inapendekezwa kila mtu asali peke yake. Imepokewa pia kwamba khalifa Umar bin Abdulaziz aliwaandikia watu wa miji kuhusu tetemeko, akawahimiza kutoa sadaka.

Limebaki suala la dau. Katika Surat al-Maida, aya ya 90, Mwenyezi Mungu ameitaja kamari na kupiga ramli katika aya moja, akaviita vyote ni uchafu katika kazi ya Shetani, na mwenzenu ameviunganisha vyote viwili katika jioni moja, kwani aliitafsiri radi kisha akaiwekea pesa. Dau la namna hiyo ni batili, na pesa alizozipokea hazikuingia katika milki yake. Lau wenyewe wasingejulikana, tungezungumza kuhusu kuziondoa mikononi kwa kuwapa mafukara au kuzitia katika manufaa ya watu wote, bila ya kuhesabu kuwa ni sadaka yake. Lakini hapa wenyewe wanajulikana, tena anakunywa nao kahawa kila jioni. Kwa hiyo atubie kwa Mola wake, nao watubie pia kwani walishiriki, na amrudishie kila mmoja kiasi chake hata kama ni shilingi elfu moja. Kamati ya msikiti isizipokee mkononi mwake hali ya kujua zilikotoka. Zikisharudi kwa wenyewe, anayetaka kwa hiari yake kuchangia mabati ataandikiwa kwa jina lake, na huyo mwenzenu naye atachangia kutokana na chumo lake la halali.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.